Akina Mfaume Wote Wale

Safari iliyonifikisha Guangzhou haikuwa ya ndege moja. Nilitoka kusini kwa basi nikiwa na begi la shule lisilo na daftari hata moja. Nikauza mitumba Dar es Salaam, nikavuka Tunduma, nikakaa Zambia miaka kadhaa nikifuata malori ya mizigo. Nikarudi, nikachoka kurudi, nikaenda Muscat kwenye ghala la matairi, kisha Dubai. Dubai ndiko Mkongo mmoja niliyekuwa nikipanga naye chumba aliponiambia, "Yaya," yaani kaka kwa lugha yao, "hivi vyote tunavyobeba vinatoka China. Wewe unakunywa maji huku chini ya mto, na chemchemi unaijua iliko. Sasa unangoja nini?" Nikaja. Ndege ilitua alfajiri, mvua ikinyesha, na nilipotoka nje joto likanishika shingoni kama joto la kwetu kabla ya masika. Nikajiambia nitakaa mwezi mmoja. Mpaka leo nawapeleka wafanyabiashara wa nyumbani soko la Zhongda kununua majora ya vitambaa, nawasemea bei, nawafungia mizigo, na jioni narudi mtaani Xiaobei kula wali.

Baba alifariki nikiwa huku. Simu ya dada yangu ilinikuta Zhongda katikati ya duka la kitenge, bosi wa duka akinihimiza niseme nanunua au sinunui. Kwetu maiti hasubirishwi. Kabla sijajua tiketi naipata wapi, alikuwa keshazikwa. Nilikuwa sijamwona tangu siku ile nilipoondoka na lile begi. Tulisikilizana kwa simu tu, naye kwenye simu alikuwa mtu wa maneno machache, jambo ambalo wengi wa kwetu hawataliamini.

Miezi ikapita. Jioni moja nilikuwa nakula kwa mama mmoja wa Kikongo pale Xiaobei, na mtu akaita kutoka meza ya pembeni, "Mfaume! Mfaume, huku, nimekuwekea kiti!"

Niligeuka kabla ya mwenye jina. Aliyeingia ni kijana mwembamba mwenye mkoba wa mgongoni, mwanafunzi, mmoja wa hawa wanaoletwa na ufadhili wa masomo. Alipopita karibu yangu nikamuuliza yeye ni Mfaume wa wapi.

"Wa kusini, kaka. Shikamoo. Jina nimepewa la Mwenyekiti. Yule Mfaume Lukanga wa upinzani, sijui kama umewahi kumsikia."

"Nimewahi."

"Basi mimi ni somo yake!" Akavuta kiti, akakaa bila kualikwa, kama watu wa kwetu wanavyofanya wakisikia lafudhi. "Siku ya kwanza ya shule alinipeleka yeye, kanishika mkono mpaka darasani. Baba yangu yuko shamba, hana habari. Na alipofariki nilikuwa likizo. Nimeshuka kaburini, kaka. Mwanawe wa kiume hakuwapo, yuko nchi za watu huko, wazee wakasema basi somo ashuke. Nimempokea kwa mikono yangu hii."

"Alikuwa mzito?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza hilo.

Akafikiri. "Mwepesi," akasema. "Nilijitayarisha kwa uzito, halafu akawa mwepesi. Wewe kaka ni mtu wa wapi?"

"Dar," nikamjibu.

Nimevuka arobaini. Nimekuwa na mke na nimeachana naye, nimezika marafiki, nimelala kwenye viwanja vya ndege vya watu. Lakini pale mezani, mbele ya kijana asiye na kosa lolote, wivu ulinipanda, nikaisukuma sahani ya wali pembeni. Na haukuwa wivu mpya. Niliujua. Nilikuwa nao tangu nikiwa mtoto wa kuvaa kaptula, nilipokuwa nikilala mkeka mmoja na dada yangu katika nyumba ya mtu ambaye kila mtu alikuwa na haki naye.

Kabla ya siasa baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alikuwa wangu. Asubuhi alinipakia mbele kwenye bomba la baiskeli, kidevu chake kikinigusa utosini, na nguo zake zikinuka chaki na sabuni ya mche. Njia nzima alinifundisha majina ya miti. Tukifika shuleni alikuwa mwalimu wa wote, lakini mimi nilijua nimekuja na nani na nitaondoka na nani. Mtoto hahitaji zaidi ya hapo.

Nyinyi wa rika langu mnakumbuka vyama vingi vilipoingia. Mnakumbuka bendera zilivyoota juu ya nyumba kama uyoga, na wazee walivyogombana kwenye mabaraza kwa ajili ya rangi za fulana. Kwetu baba aliacha kazi ya ualimu, akafungua tawi la upinzani sebuleni. Chaki ikatoka kwenye nguo zake, ikaingia harufu ya rangi ya mafuta, kwa sababu mabango waliyachora uani kwetu. Viti vyetu vikaenda kwenye mikutano na kurudi vimevunjika miguu. Baiskeli ikapakiwa spika la kupazia sauti mahali pale pale nilipokuwa nikikaa mimi. Usiku alirudi amekaukiwa sauti, mama akimchemshia tangawizi, na tukimsalimia alitupungia tu kichwa. Sauti ilikuwa imeishia huko, kwa watu.

Haikupita muda akawa mwenyekiti wa chama chake kwa mkoa mzima. Ndipo wakaanza kuja akina Mfaume.

Wa kwanza aliletwa na mama yake kutoka kijiji cha ng'ambo ya mto, amefungwa mgongoni, anakoroma. Yule mama alikaa kwenye mkeka, akamfungua, akampa baba. "Mwenyekiti, huyu ni wewe," akasema. "Tumempa jina lako. Mshike somo yako."

Baba akamshika. Nakumbuka alivyomshika, kwa mikono miwili, uso wake ukiwa karibu kabisa na ule uso mdogo, na akasema kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia nyumbani siku nyingi, "Mfaume. Hujambo, Mfaume mwenzangu?"

Kwetu mtu akipewa mtoto wa jina lake hawezi kumwacha aondoke mikono mitupu. Lazima amvike. Baba hakuwa na mshahara tena, na ndani hakukuwa na nguo mpya ila moja: kitambaa cheupe cha kanzu yangu ya Idi, ambacho mama alikuwa amekikunja kwenye sanduku akingoja nafasi ya kukishona. Baba alimwita mama pembeni. Nilisikia mkasi.

"Kanzu yako itakuwa fupi kidogo tu," mama akasema, akisema nami lakini akimtazama baba.

Idi ile nilikwenda kuswali na kanzu iliyoishia juu ya ugoko. Wenzangu hawakunyamaza. "Kanzu ya Issa imeogopa umande!" wakasema. "Issa, unavuka mto?" Nami nilikuwa nawaza jambo moja tu, kwamba ng'ambo ya mto kuna mtoto asiye na meno, amevaa pindo la kanzu yangu, na anaitwa jina la baba yangu.

Baada ya huyo wakaja wengine. Baba aliposhindwa uchaguzi wa kwanza, wakaja wengi zaidi, maana watu wetu humpenda aliyeonewa, na kila mtu alisema kaonewa. Kila kijiji alichokwenda kuhutubia aliacha Mfaume mmoja au wawili. Niliwahesabu mpaka nikaacha. Wengine walikuwa weupe wa utotoni bado, wengine wana upele, mmoja alikuwa na vidole sita. Kila mmoja baba alimjua kwa mama yake na kwa kijiji chake. Akikutana nao njiani alishuka kwenye baiskeli. Mimi alikuwa akinipita sokoni bila kuniona.

Sasa palikuwa na mzee mmoja, Mzee Chitanda, mtani wa ukoo wetu. Mnajua mtani wa kwetu alivyo: anaweza kuingia msibani akalala juu ya jeneza, akamtukana marehemu, na hakuna anayekasirika, maana utani ndio kazi yake. Siku moja alinikuta nimekaa kizingitini, ndani kina mama wawili wamekuja na watoto wao wa jina. Akachungulia, akanitazama, akatikisa kichwa kwa huzuni ya uongo.

"Unawaona hao?" akasema. "Hao ndio Mfaume. Mfaume akiondoka, Mfaume anabaki. Nyumba ya Mfaume, ya Mfaume. Baiskeli ya Mfaume, ya Mfaume. Wewe nani?"

"Issa."

"Issa! Issa ni babu yako, keshakufa zamani. Sasa wewe wa marehemu utakwenda wapi? Jitafutie, mjukuu wangu. Jitafutie mapema."

Watu wazima ndani walicheka. Mama alimrushia ganda la chungwa. Mimi sikucheka. Mtu mzima anajua utani unaanzia wapi na unaishia wapi, lakini mimi niliuchukua wote kama ulivyo, nikaona mambo yote yamefunguka. Ndiyo maana nguo yangu ilikatwa. Ndiyo maana baiskeli haikuwa na nafasi yangu. Baba alikuwa anagawa jina lake, na jina ndilo lililokuwa linabeba kila kitu, na katika kuligawa kote huko mimi mwanawe wa kumzaa alikuwa amenisahau.

Nikaona dawa ni moja. Nilimwendea maalimu wetu wa chuo, mzee aliyetusomesha Kurani chini ya banda lake la makuti, nikangoja wenzangu watawanyike.

"Maalimu, nataka unibadilishe jina."

"Jina lako lina nini?"

"Nataka niitwe Mfaume."

Akaweka fimbo chini. "Mfaume bin Mfaume?"

"Ndiyo, maalimu."

"Baba yako yuko hai, mzima, juzi tu nimemsikia akipiga kelele na lile spika lake mpaka kuku wangu wamekataa kutaga. Mtoto anapewa jina la babu, jina la aliyetangulia, ili lisipotee. La baba yako halijapotea. Unataka tumzike kwanza?"

"Sitaki afe."

"Basi rudi nyumbani, Issa." Kisha akaniangalia tena. Nadhani aliona kitu usoni kwangu, kwa sababu sauti yake ilishuka. "Jina lake liko mgongoni mwako, mwanangu. Kila ukiitwa, unaitwa Issa Mfaume. Hao wengine wamelibeba mbele, wewe umelibeba nyuma. Mzigo wa mgongoni ndio unaofika mbali."

Sikumwelewa, na sikutaka kumwelewa. Niliomba tu asimwambie baba. Alimwambia jioni ile ile, msikitini, maana wazee wale hawakujua siri ya mtoto ni siri.

Nilimngoja baba arudi. Nilidhani ataniita ndani. Nilikuwa nimepanga hata nitakavyosema, na nilikuwa na hakika kwamba akisikia atafanya jambo fulani, labda atashusha lile spika kwenye baiskeli. Hakusema kitu siku ile wala siku iliyofuata. Siku ya tatu palikuwa na mkutano wa hadhara kiwanja cha mpira, nami nilikwenda na dada, tukasimama mbele karibu na kamba.

Baba alihutubia juu ya barabara na zahanati kama kawaida. Kisha akatabasamu. "Ndugu zangu, niwape habari za nyumbani kwangu," akasema. "Nina kijana wangu mdogo. Amekwenda kwa maalimu kutaka kubadilishwa jina. Mnajua anataka aitwe nani?"

"Naniii?" umati ukaitikia.

"Mfaume!"

Kiwanja kikacheka. Kicheko cha mapenzi kabisa, najua sasa, lakini kilinipiga kama maji ya moto. "Nami namwambia hivi," baba akaendelea, "usibadilishe jina, mwanangu! Kwa sababu mkoa huu wote ni Mfaume! Mama lishe ni Mfaume! Mkulima ni Mfaume! Wakinifunga mimi, watawafunga akina Mfaume wangapi?"

Sijasikia kelele kama zile tena maishani. Wanawake walipiga vigelegele, wanaume wakatupa kofia. Mzee mmoja aliyesimama nyuma yangu, bila kujua mimi ni nani, alinishika mabega akanitikisa kwa furaha. "Umesikia, kijana? Na wewe ni Mfaume!"

Kwa hiyo hata hilo alilitoa. Lilikuwa jambo langu moja, nililolibeba kwa aibu mpaka bandani kwa maalimu, naye alilichukua akalikata kipande kama kile kitambaa cheupe, akawavika watu.

Na kweli wakamfunga. Siku moja walifanya mkutano bila kibali, wakamchukua pamoja na wengine, akakaa mahabusu majuma kadhaa. Mama alilia. Mimi, Mungu anisamehe kama utoto unahitaji kusamehewa, niliona kuna unafuu, kwa sababu walioruhusiwa kumwona walikuwa ni ndugu wa damu tu. Akina mama wa chama walibaki nje ya lango na vyakula vyao, na mimi nikapita. Nilipita katikati yao nikiwa nimeinua shingo. Ndani alikuwa amekonda, ndevu zimemtoka, na alipotuona alisimama upesi akaja mpaka kwenye nondo, akainama usawa wa uso wangu.

"Issa," akasema.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Eh, niambie. Huko nje watu wanasemaje?"

Alipotoka walimbeba mabegani kutoka lango la gereza mpaka sokoni. Baadaye mbunge wa kwetu alifariki, ukafanyika uchaguzi mdogo, na baba akashinda. Tukaanza kumsikia redioni. Mama alikuwa akituita sote, tunakaa kimya, spika wa Bunge anataja jina lake, naye anasimama huko Dodoma na kusema habari za barabara ile ile na zahanati ile ile. Nyumbani palijaa majirani wamekuja kumsikiliza "Mwenyekiti wetu". Nilikuwa nimekwisha kuwa kijana wa sekondari, na nilikuwa nikitoka nje taratibu kabla hajamaliza.

Halafu uchaguzi mkuu ukaja, akashindwa, tena vibaya. Safari hii hawakusema kaonewa. Walisema zahanati iko wapi. Wenzake wawili watatu wakavuka kwenda chama tawala, na ikawa inasemwa kwamba na yeye ataitwa, apewe ukuu wa wilaya mahali fulani. Labda aliitwa, labda hakuitwa. Alibaki. Bendera juu ya nyumba ikachanika kwa upepo ikabaki kamba. Hapakuwa na mtu aliyeleta mtoto tena.

Nami nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo hayakunipeleka popote, niko nyumbani kutwa. Baba naye yuko nyumbani kutwa. Basi nikawa nimekipata nilichokuwa nakililia tangu utoto: baba mzima, hana mkutano, hana mgeni, wangu peke yangu. Asubuhi tulikunywa chai pamoja. Aliniuliza napenda nini, na katika miaka yote ile nilikuwa nimependa kitu kimoja tu, na sikuweza kumwambia ni kipi. Alijaribu majina ya miti, nikamwambia nimeyasahau. Tukinyamaza sana alianza kuzungumza siasa, na haikuchukua muda alikuwa amesimama, sauti imepanda, ananihutubia mimi mmoja kwenye mkeka kama watu elfu. Nilimtazama nikaona wivu wangu bado upo. Nilikuwa nawaonea wivu wale watu elfu, ambao hawakuwapo, kwa sababu hata kutokuwapo kwao kulimgusa kuliko kuwapo kwangu.

Nikamwambia mama naondoka. Mama alisema nenda, mwanangu, kama mtu aliyekuwa akilingojea neno hilo.

Asubuhi ile baba alinisindikiza stendi. Alibeba begi langu mwenyewe, akakataa kabisa nimpokee. Njiani watu walimsalimia kwa adabu na kuendelea na safari zao, na hakuna aliyemsimamisha. Alitembea polepole ubavuni kwangu, na mara moja bega lake liligusa langu, hakulitoa. Tulipofika alinitafutia kiti cha dirishani, akaweka begi juu, akashuka, akazunguka mpaka chini ya dirisha langu. Akanyoosha mkono, nikaushika.

"Issa."

"Naam, baba."

"Kuna jambo nimekuwa nikitaka kukuambia. Muda mrefu."

Nikainama. Nilikuwa mtu mzima, nina ndevu tatu nne kidevuni, na nilikuwa nangoja kama yule mtoto wa kaptula. Akafungua mdomo.

"Mwenyekiti!" Alikuwa muuza machungwa, na sinia lake kichwani. "Ushuru wa stendi wamepandisha tena, na wewe umenyamaza tu? Tukimbilie kwa nani?"

Baba aligeuza shingo. Mkono wake ulikuwa bado mikononi mwangu. "Wamepandisha lini?"

"Jana! Bila mkutano, bila nini!"

"Na sisi wa vibanda wametupandishia," akasema mwanamke mmoja, akisogea. Utingo akaja, mpiga debe akaja.

"Ngoja kidogo, mwanangu," baba akaniambia, na akauchukua mkono wake.

Alinipa mgongo. Niliona mabega yake yakinyooka, moja baada ya jingine, na ile sauti ambayo miezi yote ile ilikuwa ikigonga kuta za nyumba yetu ikatoka nje, pana, yenye afya. "Ndugu zangu, hili si jambo la leo," akaanza. Dereva akawasha gari. Basi likatikisika, likaanza kurudi nyuma, na nikatoa kichwa dirishani.

"Baba!"

Muuza machungwa alinitazama. Yule mwanamke alinitazama. Baba hakugeuka, lakini aliinua mkono juu kabisa, kiganja kimefunguka, na kwa muda mfupi sana nikadhani ananiaga, nikainua wangu. Kisha mkono wake ukashuka kwa nguvu, hoja imefika mahali pake, na wale watu wakapiga makofi.